Vidole

Kofia ya Maalim Vuai imebakia safu mbili za viua,
na Ijumaa haimngoji mtu.
Sindano nimeichomeka kwenye pazia
nisije nikaitafuta kwa kisigino.

"Mama, leo vidole vya kuku!"
Hairati huyo, kutoka chumbani.
Kuku ana vidole?
Kuku ana kucha, mwanangu, za kuchakuria jaa.
"Ndivyo vinavyoitwa. Skuli wote wanajua."
Haya. Skuli wakishajua, mimi nani?

Kifua chenyewe kimetoka Brazili.
Kimevuka maji kimeganda kama jiwe la kuta za Forodhani,
kikapanda ngazi za Michenzani mpaka ghorofa ya nne
ndani ya kikapu changu cha ukili,
hakikuuliza nani anakaa huku juu.
Tangu alasiri kimelala kwenye beseni,
sasa ndiyo kwanza kinakubali kisu.
Nakikata vipande virefu, unene wa gumba.
Nyama nayo ina nyuzi,
na nyuzi nazijua.

Ndimu. Thomu. Tangawizi ya kuonja tu. Chumvi.
Pilipili manga niitwange mwenyewe,
si ile ya pakti inayonuka karatasi.
Bakuli la kwanza, unga wa ngano.
La pili, mayai mawili na kijiko cha maziwa.
La tatu hapo ndipo nilipokwama:
boflo tumelimaliza na chai ya asubuhi,
na Shaame wa dukani kaenda kuzika Makunduchi.

Kabatini nikakuta chipsi za muhogo
zilizobaki kwenye urojo wa juzi, nimezifunga fundo.
Nikazitia kitambaani, nikazishukia kwa mchi.
Chini, Bi Shemsa akagonga dari lake kwa ufagio.
Nikapiga polepole,
kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

"Mkono mmoja wa unga, mmoja wa yai,
usiichanganye."
Akaichanganya.
Unga, yai, chenga.
Unga, yai, chenga.
Ikafika pahala sizioni tena ncha zangu,
wala vitobo vya sindano,
wala ule ugumu wa gumba usiojua sabuni.
Vidole vyangu vimenenepa, vimevaa joho,
ungedhani vinakwenda kuoa.

Hairati akahesabu kwa sauti:
"Kumi na vinne kwenye sinia. Kumi vyako.
Vyote tunakaanga?"

Nikacheka mpaka yai likaniingia nyusini.
Ningemwambia: hivi kumi vimeshakaangwa, mama,
zamani, kwa taa ya chemli,
kwa vichwa vya watu na harusi za watu,
kwa sare yako, kwa buku zako za mistari.
Sikumwambia. Karai lilikuwa tayari;
nilitupa chenga moja, ikazama, ikaibuka inacheka.

Vinne vinne, visibanane.
Usivipindue kwa pupa, viachie vishike rangi,
ile ya mkeka ambao haujakaliwa.
Dakika tatu ubavu huu, tatu ule,
kisha juu ya gazeti
vitoe jasho lake.

Tukala sakafuni, na ukwaju wa pilipili,
na mbatata za jana nilizozipasha.
Meno ya Hairati yakalia *kwachu!*
akanitazama kama aliyevunja kitu,
akakivunja tena.
Vitatu vikashuka ngazi kwenye sahani ya maua,
na kipande cha ndimu pembeni.
Baada ya kitambo ufagio ukagonga dari,
mara moja tu, taratibu.

Hairati kalala na mafuta mashavuni.
Nimeosha mikono kwa sabuni, kwa majivu, kwa ganda la ndimu,
nimeing'oa sindano pazia.
Bado thomu, nainusa kwenye uzi.
Safu mbili.
Ijumaa Maalim atakapoivua kofia
kujipepea kabla ya hotuba,
safu ya mbele nzima itajua
Michenzani tulikula nini.