Kulewa Bila Kuvuta

Walimleta saa mbili usiku kwa baiskeli ya mumewe,
miguu inaburuza matope ya Urambo,
kanga imegandia mgongoni kwa utomvu na mvua.
"Malaria," akasema Mlekwa. "Inampiga tangu alasiri."
Kipimo kikachora mstari mmoja.
Tukangoja dakika kumi na tano. Wa pili haukuja.

Nikamshika mkono: moyo unakimbia,
mia moja na thelathini, kisha unajikwaa.
Jasho la baridi. Beseni halitoshi.
Nikanusa viganja vyake, nikajua.
Nimekua na harufu hiyo.

Nyanzala, hujawahi kutia sigara mdomoni.
Umechuma tu, tangu umande, majani ya chini,
ukiyabana kwapani fungu kwa fungu,
na jani lililolowa haliombi ruhusa kwa ngozi.

Kandokando ya uti wa mgongo wako
kuna vifundo vya neva, kimoja baada ya kingine,
kama mafundo ya kamba unayoshonea tumbaku.
Habari ikitoka juu, ikifika kifundoni hukatika:
pana ufa hapo, mwembamba
kuliko unywele uliochanwa mara elfu,
wala hakuna daraja. Neva hutuma mjumbe.
Asetilikolini. Jina refu, maisha mafupi.
Ng'ambo anangojwa na kipokezi,
mlango wa mbao tano zilizosimama duara;
haufunguki kwa mmoja, sharti wabishe hodi wawili.
Ukifunguka, sodiamu huingia kwa kishindo,
neva ya pili inawaka,
moyo unaambiwa kaza, mishipa inaambiwa jibane,
na mjumbe anakatwa vipande palepale mlangoni.
Yote yamekwisha kabla kope haijagusa kope.
Ndivyo unavyoinuka mkekani alfajiri usianguke.

Sasa nikotini.
Mgeni huyu anaijua hodi ya mjumbe,
tena kipokezi kimepewa jina lake yeye,
kama nyumba inayoitwa kwa jina
la mwizi wa kwanza kuivunja.
Anafungua. Lakini kimeng'enya hakimtambui,
hakuna wa kumtoa. Anakaa.
Mlango unatikiswa, unatikiswa,
mpaka unachoka, unajifunga
na mgeni angali kizingitini;
na mjumbe wa kweli akija anabisha,
anabisha,
ndani kimya.
Ndiyo maana kwanza moyo ulikimbia,
na sasa ukijaribu kukaa presha inaporomoka
na taa moja ya sola unaiona mbili.

Haya niliyachora nyuma ya risiti ya chama cha msingi.
Mlekwa alitazama mishale yangu, akaitikia kwa adabu,
akageuza karatasi, akasoma upande wa kilo.
"Kwa hiyo atapona?"
Atapona. Dripu, blanketi, sabuni viganjani hadi mabegani.
"Kesho?"
Nikajifanya nahesabu matone.

Baba yangu alianguka hivi misimu mitatu,
pale pale mlangoni pa bani, moshi ukimfuka juu,
mama akammwagia maji, akamwita mlevi mbele za watu,
naye hakuwa na nguvu ya kukana.
Marobota yake ndiyo yaliyonilipia chuo,
nikaenda kujifunza jina la kilichomwangusha.
Nilirudi nalo. Alikuwa keshazikwa,
kwa maradhi mengine kabisa.

Basi siwezi kumwambia Nyanzala acha.
Namwambia: ngoja majani yakauke, jifunge nailoni,
usirudie kuvaa kanga iliyolowa.
Anaitika kwa kope.

Saa tisa usiku, mapigo themanini na manne.
Huko ndani milango, mmoja mmoja,
inakumbuka kazi yake.
Mlekwa amelala kwenye benchi, risiti mfukoni.
Juu ya bati mvua inaanza tena, taratibu,
naye anafumbua macho, anasikiliza,
midomo ikicheza kidogo,
anahesabu matuta yaliyobaki.