Wiki Mbili, Alisema Baba

Wiki mbili, alisema baba,
tukiwa bado Maskati, mama akifunga sanduku
lenye viatu vya mtoto ambaye mguu wake
hakuna aliyeujua.
Alinunua jozi tatu: ndogo, ya kati,
na ya Mungu ndiye ajuaye.

Wete tulipanga chumba Limbani.
Feni ilikuwa na mapanga mawili; la tatu
lilikwenda kutengenezwa kabla sijazaliwa.
Watoto wa jirani wakaniuliza, "Wambaje?"
Nikajibu, "Naam."
Wakaanguka kwa kicheko.
Kiswahili changu, nilichookota jikoni kwa bibi,
kilikuwa gauni la Idi ya mwaka juzi:
zuri, ila lanibana makwapa.

Kila asubuhi, ofisini.
Benchi la kijani. Kalenda ya mwaka uliokwisha.
Karani mwenye kalamu mbili mfukoni
alisema faili limevuka Unguja kutiwa sahihi,
njooni Jumatatu.
Jumatatu faili limerudi,
sahihi haikurudi nalo.
Nilihesabu vigae: mia na kumi na tisa.
Nikajifunza kwamba kupata ndugu
kunataka nakala nne, na picha
masikio yote mawili yaonekane.

Alhamisi tukaenda Kangagani kumwona.

Faki Kombo Shaame. Miaka minne na kitu.
Kasimama nyuma ya bibi yake
kama mtu aliyekuja kudai deni akaona haya.
Nikampa tofi. Akaipokea, akaitia mfukoni,
akarudi nyuma ya kanga.
Sikumpenda. Nalisema leo kwa kuwa nimekua.
Nilitaka kitoto kichanga, cha kubeba,
kisichokuwa na mtu wa kumkumbuka.

"Jina atabaki nalo," kadhi alisema.
"Mtoto ni wa babake, hata babake akiwa udongoni.
Mpeni kila kitu. Hilo analo."
Baba akaitikia kwa kichwa.
Mimi nikawaza shuleni nitasemaje:
huyu ni mdogo wangu,
ila majina yetu hayajuani.

Wiki ya tano akaletwa alale nasi, azoee.
Kabla ya adhana nilihisi joto ubavuni,
kisha baridi.
Alikuwa macho, amekaa wima,
kalikamata shuka kwa ngumi mbili
kama anayezuia mlango usifunguliwe.
Sijui nilipatwa na nini.
Nilichukua kopo la maji dirishani
nikalimimina lote kitandani.
"Mama," nikaita, "nimemwaga maji."
Nikagombezwa kwa Kiarabu, nikagombezwa kwa Kiswahili,
lugha mbili, kosa moja, nalo si langu.

Asubuhi Faki alipasua shokishoki kwa meno,
nyama nyeupe akanipa mimi,
ganda akalivaa kidoleni.
Hakusema neno.
Ganda la pili akanivisha.

Muhuri ulipigwa Jumanne.
Mlio wake mdogo, kama mtu kafunga kabati.

Siku ya kuondoka, Bi Mkasi,
ambaye macho yake yamebakiwa na mwanga tu,
alimsimamisha mjukuu wake ukutani,
akamnyooshea ukili toka kisigino hadi utosini,
akakata.
"Mkija tena," alisema, "nitajua mmemlisha au mmemwangalia."
Akautundika msumarini, karibu na kandili.
Mimi nilishavaa viatu, niko mlangoni,
namsubiri mtu aanze kulia ili nimfuate.
"Na wewe," akasema. "Njoo."
Vidole vyake vikapita begani, shingoni, sikioni,
polepole, vikinisoma.
Akakata wa pili.

Kwenye ndege Faki alisema mara moja tu,
miguu yake peku, jozi zote tatu zimemkataa:
"Upepo ukiingia, zitagongana?"

Nikamwambia ndiyo.
Zitagongana.