Dakika Tisa za Taimi

Oulu, Februari, nyuzi ishirini na saba chini ya sufuri.
Saa moja jioni filamu imeanza kumiminika
na kaya mia nne na kumi na mbili zimeshaketi.
Kwenye skrini yangu kila kaya ni nukta ya kijani.
Siwajui, isipokuwa mmoja.

Zamani (yaani mwaka juzi) tulikuwa wakarimu wajinga:
kila aliyebisha hodi tulimbandikia chungu chake.
Filamu ileile, mafiga mia nne,
seva ikihema kama mgonjwa wa pumu,
hata Ijumaa moja ya barafu ikazimia
na simu zikatutukana mpaka alfajiri.

Ndipo Veikko Harjula, ambaye hata sukari huihesabu chembe,
akachora kwenye karatasi ya kufutia mikono
mstari mmoja mnene
unaogawanyika njia panda, si mlangoni petu.
Nakala moja isafiri hadi mtaa wa Tuira;
huko ndiko izaane.
"Na anayechelewa?" nikamwuliza.
Akamaliza kahawa yake. Hakujibu.
Nililala na swali hilo wiki tatu.

Saa moja na dakika tisa, nukta mpya:
Taimi Rautakoski, ghorofa ya nne, miaka themanini na moja,
aliyenifunza kushona nilipokuwa na miaka sita.
Labda alikuwa akimlisha paka.
Mkondo haumngoji, wala haumfukuzi.
Anaingia palepale ulipofika;
kisanduku chake kinayakinga ya sasa na kuyaweka akiba,
nami namtumia, yeye peke yake, kwa uzi mwembamba,
zile dakika alizokosa.
Tisa tu.
Zikiisha, akiba inapokea,
na uzi naukata kwa meno.

Kiraka, ndivyo tulivyokiita.
Mkutanoni waliguna: jina la kimaskini.
Waache wagune.
Kawia ufike, husema watu,
lakini hawasemi ni nani
anayemtunzia mchelewaji mwanzo wake.

Asubuhi nilimkuta ngazini na mfuko wa taka.
"Filamu nzuri," akasema, "ila yule farasi,
alivyodidimia thelujini, macho yakiwa wazi!
Nililia, paka akanishangaa."

Farasi hudidimia dakika ya nne.

Nikampokea mfuko,
nikamwambia ashike chuma vizuri, ngazi zinateleza.