Saa Mbili

Kamandi yetu haina askari hata mmoja.
Wanafunzi wakitutembelea Karen huwa naanza hapo,
nao hutazama mlinzi getini, ua wa michongoma,
wakadhani afande anawatania.

Nawaambia: askari ni wa nchi zao.
Kamanda tumemwazima Bujumbura, mnadhimu mkuu Kampala,
malori Addis, daktari Moroni.
Mimi, Sajini Nzilani wa chumba cha ramani, ni wa Kibwezi,
na hata pini hizi nyekundu zina mwenyewe.
Nanyi mwaijua nguo ya kuazima.

Kazi yetu ni kupanga vya watu:
nani avuke daraja lipi, nani amngoje nani,
mkate wa huyu ufike na dizeli ya yule.
Meza ya operesheni haisemi na meza ya ugavi
ila kwa karatasi, nakala tatu,
na Julai, ukungu ukiwa bado umelala Ngong,
sote twagombania hita moja.

Yafuatayo siwaambii wanafunzi.

Usiku ule amri ilishuka kwa tarakimu: 0200.
Meja Gakwaya, macho mekundu, akasema,
igeuze, Sajini, kikosi cha pili husoma Kiswahili.
Nikaandika: saa mbili.
Mimi, niliyefunzwa saa na mama
kwa kivuli cha ghala la mtama,
mimi nijuaye kwamba usiku wa manane
ni saa nane.

Platuni ya kwanza ilisoma tarakimu, ikafika.
Ya pili ilisoma mkono wangu,
ikalala, ikaamka, ikanywa uji.

Kati ya tarakimu na neno
mna saa sita za mvua,
watu thelathini na mmoja kwenye daraja,
redio yao ikiuliza, mara ya kwanza kwa itifaki,
mara ya tisa kwa jina langu.
Nami nikijibu: ngojeni, wako njiani.

Kulipokucha walihesabiwa.
Thelathini.

Rambirambi ilipelekwa kwa nchi yake.
Askari ni wa nchi zao;
kamandi haina wa kuzika.
Niliing'oa pini moja, nikakosa pa kuiweka,
ikashinda mfukoni, ikinichoma kila nilipoketi.

Ukutani kwangu siku hizi zipo saa mbili.
Jana mtoto mmoja, sweta kiunoni, aliuliza:
Afande, mbona hii imechelewa saa sita?

Nikamwonyesha ramani.