Misimu Miwili na Nusu

Mama aliwafulia jezi.
Ndivyo nilivyoijua Matanuri ya Marwick,
kutoka upande wa ndani wa nguo:
jasho la Paragwai, jasho la Uskochi,
jasho la vijana wawili wa hapahapa Ohayo
waliosajiliwa kwa sababu ligi ilidai
wazawa wawili uwanjani, wajue mpira au wasijue.

Mwaka wa sabini na nane. Kiwanda cha chuma
kilikuwa bado kinakohoa moshi wa kahawia juu ya mto.
Delbert Stukey, muuza magodoro,
aliiota timu, bila shaka juu ya godoro lake,
akaamka, akainunua.
"Soka ndiyo kesho," alisema redioni.
Kanuni ya kuotea hakuijua.
Nasi hatukuijua. Kibendera kilipopanda
tulisimama sote tukashangilia,
tukidhani ni bao.

Zulia la plastiki lilitandikwa juu ya uwanja wa besiboli,
na kile kichuguu cha mrushaji hawakukisawazisha.
Kilibaki winga ya kulia
kama tumbo la mtu aliyelala chini ya shuka.
Eulogio Benítez, namba saba, akakizoea.
Alikipigia mpira, ukadunda kando,
yeye huyoo, kashapita,
beki bado anakiangalia kichuguu.
Watu elfu tatu, mia moja na kumi na wawili:
ndiyo siku tuliyojaa kuliko zote.
Mama alisema nusu yao walifuata bahati nasibu ya godoro.

Ngoma ivumayo haidumu, wanasema.
Yetu haikuvuma,
na bado haikudumu.

Oktoba ya mwaka uliofuata, Jumatatu,
king'ora cha zamu ya asubuhi hakikulia.
Baba alivaa buti zake hata hivyo,
akaketi jikoni nazo hadi saa sita.
Baada ya hapo nani angenunua godoro?
Hundi za wachezaji zikaanza kurudi kutoka benki
kama mikwaju iliyogonga mwamba.
Kipa, Auchterlonie, akaingia kuosha vyombo
katika mkahawa wa Wagiriki;
mikono ile ile, tulicheka,
halafu hatukucheka tena.

Mama alidai wiki kumi na nne.
Jezi zote zilikuwa kwetu, kamba hadi kamba, sebuleni,
na jirani yetu Agnesa Hruška akamwambia:
zifungie kabatini, waje na pesa.
Mama alinyamaza, akawasha pasi.
"Hata maiti," alisema, "haendi uchi."

Ilinyesha. Tulikuwa mia sita na kumi na mmoja,
nilihesabu mwenyewe, safu kwa safu,
maana muuza tiketi naye alishaacha kuja.
Walifungwa mbili bila.
Dakika ya themanini Benítez alikipigia mpira kile kichuguu,
nacho kikamsaliti:
plastiki ililowa, mpira ukateleza ukatoka nje.
Alisimama pale, mikono kiunoni,
akakipiga teke dogo, la mtu na mdogo wake.

Jumatano gazeti lilitoa mistari minne,
chini ya tangazo la mnada wa magodoro.

Jezi mbichi zilirudi sebuleni. Hakuna aliyezifuata.
Mama alizifua tena, bila malipo,
kisha majira ya baridi yakaja, wanaume hawana kazi,
akazigawa.
Ndiyo maana mwaka ule, kwenye foleni ya posho,
ungeona chini ya makoti
namba nne, namba tisa, kipa,
kikosi kizima kimejipanga ukutani
kama wanaongoja mpira wa adhabu.
Baba alizoa theluji na namba kumi na moja mgongoni.
Hakuwahi kukanyaga uwanjani.

Risiti ninayo, ndani ya kopo la biskuti:
jezi kumi na sita, soksi jozi kumi na tano,
moja imepotea mguu.
Dola mia mbili na nne.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Mama
ambaye soka hakuipenda hata siku moja:
Jumamosi, saa moja jioni, nyumbani.
Zikauke mapema.