Hayavuki

Barua ilifika Jumanne, kurasa kumi na moja.
Niliifungua mimi, wakili akiwa mahakamani,
nikajikata kidole kwa ukingo wa bahasha.
Kazi yangu katika ofisi hii ya Framingham,
juu ya duka la mikate la Wabrazili,
ni kufungua, kupiga muhuri, kutoboa matundu mawili
na kunyamaza.

Ombi limekataliwa. Hilo liko ukurasa wa kwanza.
Kumi zilizobaki ni adabu.

Afisa hakukana kwamba Jucimara Tavares ni muuguzi.
Shahada aliiona. Leseni aliiona.
Miaka kumi na minne ya vidonda vya kisukari
aliihesabu, hata akasahihisha mwezi mmoja tuliokosea.
Kampuni yake ya gari moja na mabeseni mawili
aliikubali, kama mgeni anayepokea chai
kisha asiinywe.
"Manufaa," aliandika, "hayavuki wateja wake."

Hayavuki.

Delbert Haskins, ghorofa ya tatu, lifti mbovu,
aliambiwa mguu ukatwe chini ya goti.
Jucimara alipanda ngazi zile Jumatatu na Alhamisi,
wiki ishirini na mbili, theluji ikiwemo.
Alipiga magoti, akanusa kwanza
(kidonda, husema, hukusalimu kwa harufu kabla hujakiona),
akakwangua, akaosha, akafunga.
Delbert alipoteza kidole kimoja, kile kidogo cha mwisho.
Tisa vimebaki. Huwahesabia wageni.
Vinavuka wapi, Bwana Afisa?
Vinavuka barabara kila asubuhi,
kwenda kununua gazeti na kugombana na muuzaji.

Lakini nisimtwike afisa mzigo wote.
Mpango wa biashara niliuandika mimi.
Niliuchukua wa daktari wa meno wa mwaka juzi,
nikafuta "meno", nikaweka "vidonda".
Ukurasa wa thelathini na nne nilipitiwa:
hapo Jucimara anaahidi kuimarisha
tabasamu la Marekani.
"Taifa" limo mara arobaini na saba.
Zimo ajira mia mbili ndani ya miaka mitano,
na mchoro wa mstari unaopanda, unaopanda,
mstari ambao haujawahi kukutana na ngazi za Delbert.

Alikuwa ameleta picha kwenye simu,
kisigino wiki ya kwanza, kisigino wiki ya kumi.
Wakili akasema zinachefua, afisa ana dakika chache,
mpe takwimu.
Tukampa takwimu. Zilikuwa za serikali yake mwenyewe,
alizijua kabla yetu.

Na zile barua saba za sifa.
Daktari wa Worcester, mkuu wa zahanati, mchungaji,
wote wanamwita "hazina isiyo na kifani",
wote wanakosea koma mahali palepale.
Ni koma yangu.
Afisa aliiona. Ukurasa wa nane, tanbihi.

Alikuja saa kumi na moja jioni, na sare yake.
Hakulia. Aliuliza kama ada hurudishwa.
Hairudishwi.
Aliuliza kama tunaweza kuomba tena.
Tunaweza, nikasema, na nikasikia sauti yangu
inavyofanana na ile barua.
Kibali cha kazi, cha kupitia kwa mumewe, kinakwisha Machi.
Akatazama saa: Bi Pelkey anamngoja saa kumi na mbili,
ana kisigino kisichopenda kucheleweshwa.

Nilitaka kumwambia habari ya tabasamu.
Nilitaka kumwambia habari ya koma.
Badala yake nikamsogezea faili asaini
kwamba ameipokea barua,
na damu yangu ikagusa karatasi.

"Hebu," akasema.
Alikishika kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga wa printa,
akatoa mfukoni pamba na utepe,
akakifunga bila kuuliza kimekatwa na nini.

Mimi si mteja wake.