Namba Kwenye Mlango wa Friji

Januari ile, Duluth, tanuri la nyumba lilizimika
usiku ziwa lilipoganda hadi mnara wa taa.
Fundi Engstrom hakupasha moto kwa shukrani.
Mama alimpa kadi. Kijimashine kikalia mara moja, kikakubali:
dola elfu tatu na mia mbili.
Tukalala bila makoti.

Kabla ya hapo lilikuwepo jino la Arvid,
na matairi, na maziko ya bibi kule Hibbing.
Kukopa harusi, kulipa matanga, husemwa;
kwetu hata kukopa kulikuwa matanga.
Kikomo cha kadi kilikuwa elfu tano.
Tulibakiza mia moja na arobaini kufika dari,
ukisimama wima unagonga kichwa.

Mama, Lorna Hautala, mpokea wageni wa kliniki ya meno,
anayekumbuka magego ya nusu ya mji,
aliandika kwa penseli, akabandika kwa sumaku ya samaki:
578.
Nilidhani ni namba ya chumba.
Kumbe ni yeye,
alivyoonekana na watu wasiomjua.

Waliona hajachelewa kulipa hata mwezi mmoja,
wakaguna tu.
Walichotazama ni kibaba kilichojaa hadi mdomoni,
wakasogea nyuma kidogo
kama anayepishana na mbeba uji wa moto.

Dawa ya deni kulipa. Sawa,
lakini dawa ina saa zake.
Mama alilipa tarehe sita, bili ikifika tu, mwaminifu kama jogoo,
na picha yake ilikwisha kupigwa tarehe nne,
kabla hajanawa uso.
Pahoua, msafisha meno wa chumba cha pili,
ndiye aliyemwambia wakinywa supu:
nawa tarehe mbili.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyetufundisha
kwamba haba na haba, hiyo hiyo, hukimwaga.
Jumamosi za kufagia ofisi za bandari.
Pikipiki ya theluji ya baba, iliyokaa chini ya turubai
tangu baba aondoke, ikauzwa kwa kijana wa Cloquet,
na mama hakutoka nje kuitazama ikipakiwa.
Penseli ikafuta, ikaandika: 633.
Salio liliposhuka chini ya elfu moja na nusu,
namba ikaruka hadi 688, kama kizibo
kilichoachiwa chini ya maji.

Siku ya sifuri alitoa mkasi.
Pahoua akapiga kelele kwenye simu: Usiifunge!
Ukivunja kibaba, watakusifu kwa utupu gani?
Kwa hiyo kadi inaishi ndani ya bati la biskuti,
hutolewa mara moja kwa mwezi ikanunue mkate,
ikarudi kulala. Mama huichukia kwa adabu.

Sasa friji inasema 724.
Shangazi Verna alipompongeza, mama aliendelea kumenya viazi.
“Nilipokuwa mia tano,” alisema,
“nilikuwa nikimenya hivi hivi.”

Usiku tanuri linaguruma chini ya sakafu.
Naijua bei yake yote, riba ikiwemo,
tungepata na nusu ya tanuri jingine.
Nasogeza miguu karibu na tundu la joto.